Staa Hafi?

Maandiko: Mithali 1:10–19; 1 Samweli 25; Luka 23:32–43



Kuna sheria moja ambayo kila mtoto aliyewahi kuketi kwenye kibanda cha video anaijua, na hakuna mwalimu aliyemfundisha. Sheria yenyewe ni hii: staa hafi. Apigwe risasi, gari lake litumbukie mtoni, jengo limwangukie, wewe tulia tu, atatokea. Na ukiona mtu amekufa dakika ya kumi, ujue huyo hakuwa staa. Ndiyo maana DJ Afro akisimulia sinema ya kigeni kwa lugha yetu, hakuna mtoto anayelia. Wote wanajua itaishaje.

Shida inakuja pale kijana anapotoka kwenye kile kibanda na kuibeba ile sheria mpaka barabarani. Anajiona yeye ndiye staa. Wengine watakufa, wengine watashikwa, lakini yeye hapana. Wapendwa, nimesimama kando ya makaburi ya vijana walioamini hivyo. Leo nataka tulipeleke neno hilo mbele ya Biblia tuone kama litasimama.

1. Sulemani anaonyesha sinema yote

Msinielewe vibaya. Sikuja kupiga vita sinema. Zipo zinazosema ukweli kuliko mahubiri mengine. Wengi wenu mliitazama Nairobi Half Life, filamu ya Kenya ya mwaka 2012 iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga. Kijana Mwas yuko kijijini, anauza DVD za sinema za mapigano, na ili wateja wanunue anawaigizia zile sinema kwa mdomo na mikono. Anazijua zote. Anaenda Nairobi kutafuta uigizaji. Hata hajakaa, ameporwa, na muda si muda yuko seli. Mle ndani ndimo anamokutana na Oti. Sasa niambieni, ni nani aliyempokea huyu kijana mjini? Si jamaa yake. Si kanisa. Ni genge. Wanaanza na vipuri vya magari, wanafika kwenye bunduki, na mwisho wa filamu wenzake wameangamia.

Sasa fungua Mithali sura ya kwanza, kuanzia aya ya 10. Mzee anaongea na mwanawe. Anamwambia wenye dhambi wakikubembeleza, usikubali. Lakini angalia, haishii hapo kama sisi wazazi wa leo tunaosema "usiende na hao," basi, tunarudi kuwasha redio. Aya ya 11 mpaka ya 14, huyu mzee anaigiza! Anachukua sauti ya wahalifu wenyewe. Anamsikilizisha mtoto maneno atakayoambiwa: twende pamoja, tuvizie mtu, tujaze nyumba zetu mali, tuwe na mfuko mmoja. Neno kwa neno. Anataka mtoto akiyasikia kwa mara ya pili, huko njiani, aseme: haya niliyasikia nyumbani.

Halafu hakati sinema katikati. Anaenda mpaka aya ya 18. Pale anasema hawa watu walidhani wanavizia damu ya mwingine, kumbe wanavizia damu yao wenyewe. Na katikati anatia mfano wa ndege na wavu: wavu ukitandazwa ndege akiwa anatazama, ni kazi bure. Ndege ana akili. Anaona wavu, anaruka. Lakini sisi tunaye kijana aliyeuona wavu ukitandazwa, akamwona jirani yake amenaswa, akahudhuria mazishi, akala chakula cha matanga, na wiki iliyofuata akaingia mlemle.

Kwa nini? Kwa sababu kwenye wavu kuna punje. Twende tuziangalie hizo punje.

2. Mfuko mmoja

Sulemani anaweka damu mwanzoni, aya ya 11. Mfuko unakuja aya ya 14. Mtaani wanageuza. Wanaanza na mfuko. Damu unakuja kuijua baadaye, ukiwa umeshakula.

Hakuna kijana anayeitwa siku ya kwanza kwenda kuua. Anaitwa kula. Analipiwa kodi ya nyumba. Anapewa jina jipya. Akishikwa, kuna watu wanaokuja kituoni kumuulizia, na huenda maishani mwake hakuna aliyewahi kumuulizia. Hiyo ndiyo punje. Shetani hana duka la vitu vibaya tupu, wapendwa. Anachukua kitu kizuri alichoumba Mungu, yaani udugu, anakiuza kwa bei ya roho.

Sisi wa Bonde la Ufa hatuhitaji kwenda Italia kutafuta mfano. Mungiki ilianza katika eneo letu hili, miaka ya mwisho ya 1980. Haikuanza na panga. Ilianza na maombi na mila, na mapema miaka ya 1990, wakati watu walipofukuzwa mashambani, wengi waliobaki bila shamba na bila baba waliona pale wamepata jamaa. Watu waliokuwa na uchungu wa haki. Baadaye tukaona nini? Tukaona ada kwenye steji za matatu, kila siku, kila gari. Ada ya maji, ada ya stima, ada ya kujenga nyumba kwenye ploti uliyoinunua mwenyewe. Asiyelipa alijua kitakachofuata. Mwaka 2002 serikali ikaipiga marufuku. Na Tume ya Waki iliandika kwamba wafuasi wake walishiriki katika mashambulizi ya Januari 2008 ya Nakuru na Naivasha. Kule Naivasha watu 19 walichomwa ndani ya nyumba moja, na watoto walikuwemo. Baadhi yenu mnaosoma hapa mlilala siku hizo Showground, pale Nakuru, na watoto mgongoni. Sina haja ya kuwasimulia.

Mwaka 2010 Bunge likapitisha sheria ya kuzuia uhalifu wa kupangwa, na serikali ikapiga marufuku makundi 33 kwa mpigo. Makundi 33! Sheria ni nzuri, na kwa sheria hiyo hata kuwa mwanachama tu ni kosa. Lakini sheria inafuta jina. Haifuti njaa ya kuwa na jamaa. Ukifuta jina moja, njaa inatafuta jina lingine.

Ndivyo tulivyokuja kulisikia jina Confirm hapa kwetu. Desemba 2021 Nakuru ilipewa hadhi ya jiji, tukasherehekea. Hata mwaka haujaisha, Juni 2022, wanawake wakauawa majumbani mwao kule Mawanga, na polisi wakalihusisha kundi hilo. Wale vijana walijulikana kwanza kwa utapeli wa pesa za simu. Mnaofanya kazi ya M-Pesa mnalijua hilo neno, mnalisoma kwenye kila ujumbe unaoingia. Imeanza na simu. Ni utapeli tu, hakuna aliyeumia, si ndivyo wanavyosema? Mama wa kibanda amepoteza float ya wiki, lakini hakuna damu. Wapendwa, aya ya 14 ina njia ya kurudi aya ya 11.

Na kabla hujanyooshea kidole Kivumbini, Bondeni, Rhonda au Kaptembwo, kumbuka nusu ya kwaya yetu inalala huko. Mitaa hiyo haina laana. Ina vijana.

3. Siku Daudi aliposhuka mlimani

Wacha nikuonyeshe kitu. Soma 1 Samweli 22, aya ya 2. Daudi yuko pangoni Adulamu, na wanaomkusanyikia ni akina nani? Wenye dhiki, wenye madeni, wenye uchungu moyoni. Karibu watu 400. Hiyo orodha ukimpa afisa yeyote wa usalama leo, bila kumwambia imetoka kwenye Biblia, atasema hili ni genge linazaliwa.

Ukifika sura ya 25, wamekuwa 600. Wamekaa nyikani karibu na wachungaji wa tajiri mmoja anayeitwa Nabali. Hawakumwibia. Walikuwa kama ukuta kwake. Msimu wa kukata manyoya ukafika, Daudi akatuma vijana kumi kuomba chakula. Nabali akawatukana. Akauliza Daudi ni nani, akasema siku hizi watumwa wanaokimbia mabwana zao wamekuwa wengi. Daudi akasema kila mtu ajifunge upanga. Watu 400 wakashuka mlimani, na Daudi ameapa kwamba kufikia asubuhi hataachwa mwanamume hata mmoja katika nyumba ile.

Mtumishi wa Mungu! Mwandishi wa Zaburi! Amebakisha saa chache awe jambazi anayeua familia nzima kwa sababu hawakutoa kitu.

Sinema ingetaka hawa watu wafike. Hapo ndipo watazamaji wanasogea mbele kwenye benchi. Lakini Mungu aliikata hiyo sinema kwa mwanamke aliyepanda punda. Abigaili, mke wa Nabali, alipata habari kutoka kwa kijana wa kazi, na hakuitisha kikao. Mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliokwisha kuandaliwa, bisi, zabibu, tini. Akakutana nao njiani, bado hawajafika.

Nataka uone mambo mawili. Kwanza, Abigaili hakulipa ada ya ulinzi. Mtu wa ada analipa na kunyamaza. Abigaili alimpa Daudi chakula na akamwambia ukweli usoni: hii damu unayoenda kuimwaga itakaa moyoni mwako siku utakapokuwa mfalme. Chakula bila ukweli ni kumlea mhalifu. Ukweli bila chakula ni kelele. Yeye alikuja na vyote viwili.

Pili, alikwenda kwenye barabara. Sisi tunasubiri kijana afike ndipo tumwombee. Tunamwombea akiwa kwenye gari la polisi, tunamwombea akiwa mochari. Lakini njiani, ile miezi baada ya kumaliza kidato cha nne, amekaa nyumbani, hana karo, hana kazi, baba anamwita mzigo, pale hatuko. Na pale ndipo mwingine yupo.

Kwa hiyo naomba kitu ambacho si maombi peke yake. Fundi mwenye gereji, chukua kijana mmoja. Mama wa saluni, chukua msichana mmoja. Seremala, fundi wa welding, mwenye shamba kule Njoro na Bahati, mmoja tu. Usisubiri awe mtakatifu. Wale wa Adulamu hawakuwa watakatifu, lakini baadaye ndio walioulinda ufalme. Vyama vyetu vya kina mama, mnazungusha pesa kila mwezi na Mungu awabariki. Wekeni zamu moja kwa mwaka iwe ya kumwanzishia kijana biashara.

Na wewe unayeombwa ada kwenye kazi yako, ninajua hofu yako. Siwezi kukuambia "usiogope" halafu niende kulala. Usiende peke yako. Njoo kwa wazee wa kanisa, twende pamoja kwa chifu na kwa polisi. Nchi hii ina sheria ya kulinda mashahidi tangu 2006, tutaiulizia. Jambo ambalo hatutafanya ni petroli na tairi. Kijana akishikwa na umati, Mkristo hatafuti kiberiti. Anapaza sauti apelekwe kituoni akiwa hai.

4. Mama na bahasha

Sasa naingia mahali pagumu. Mama mmoja aliniuliza swali ambalo halijanitoka. Kijana wake ana miaka ishirini na kitu, kazi haijulikani. Lakini kodi inalipwa. Friji mpya imeingia. Na Jumapili moja kijana akampa bahasha, akamwambia, "Mama, pelekea Mungu fungu la kumi." Yule mama akaniambia: "Pasta, nikimuuliza pesa imetoka wapi, atahama. Nisipomuuliza, nitamzika. Nifanye nini?"

Nilimjibu hivi, na ninawajibu wote mlio na swali hilo na hamjalisema: muulize. Mtoto aliyehama akiwa hai anaweza kurudi. Yule aliye kaburini harudi kula chakula chako.

Daudi huyohuyo alitamani maji ya kisima cha Betlehemu, na mashujaa wake watatu wakapenya kambi ya Wafilisti wakayaleta. Soma 2 Samweli 23. Alikataa kuyanywa. Aliyaona kama damu ya watu walioponza maisha yao, akayamimina chini mbele za Bwana. Yalikuwa maji masafi, na kiu yake ilikuwa ya kweli. Lakini aliuliza yamefikaje. Mzazi, jifunze kukataa friji. Ukiipokea kwa kunyamaza, kijana wako anakusikia ukisema: endelea.

Na sisi wa madhabahuni tusijifiche nyuma ya mama. Mathayo 27: Yuda aliporudisha vile vipande thelathini, makuhani walisema haiwezekani kuvitia katika hazina, ni bei ya damu. Walionea haya pesa, lakini ni wao waliozitoa! Kanisa linaweza kufanya hivyo. Linaweza kuhubiri dhidi ya wizi asubuhi, na mchana limwite mbele mtu ambaye mtaa mzima unajua anakula wapi, apewe kipaza sauti kwa sababu ametoa mabati. Hapa kwetu tumekubaliana na wazee: bahasha haitanunua kiti cha mbele, na tukijua pesa imetoka kwenye machozi ya mtu, tutaikataa na tutamshika mkono mwenye nayo.

Katika The Godfather, ile sinema ya Marekani ya 1972, kuna mahali Michael amesimama kanisani akiwa baba wa ubatizo wa mtoto wa dada yake. Padri anamuuliza kama anamkataa Shetani. Anajibu anamkataa. Na wakati uleule, watu aliowatuma wanawamaliza maadui zake mjini. Waliotengeneza filamu ile hawakuwa wanahubiri, lakini mimi nimeipata hapo hubiri. Mdomo unaweza kumkataa Shetani huku simu mfukoni inamfanyia kazi.

5. Staa aliyekufa

Tumalizie tulipoanzia. Staa hafi, ndivyo wanavyosema.

Fungua Luka 23. Kule gerezani kuna mtu anaitwa Baraba, aliyefungwa kwa fitina na uuaji. Mtu wa kundi. Watu wanapewa nafasi ya kuchagua, wanamchagua Baraba aachiwe. Milango inafunguka, anatoka nje kwenye jua. Na msalabani anapelekwa asiye na kosa, anawekwa katikati ya wahalifu wawili, kana kwamba ndiye mkubwa wao.

Wapendwa, kama kuna hadithi moja duniani ambayo staa hakupaswa kufa, ni hii. Malaika walikuwepo. Watu walimpigia kelele ajiokoe. Na hata mhalifu mmoja pale kando alimdai afanye kama sinema: jiokoe, utuokoe na sisi. Akakaa palepale. Akafa. Si kwa kuigiza. Walimzika, jiwe likawekwa, lindo likawekwa. Na siku ya tatu akafufuka, haleluya! Lakini kwanza alikufa, na alikufa katika nafasi ya mtu wa genge.

Yule mhalifu wa pili alielewa. Hakusema alipotoshwa na marafiki. Hakusema ni umaskini. Alikiri kwamba anapata alichostahili, na kwamba Huyu hakufanya neno lisilofaa. Akaomba tu akumbukwe. Na siku ileile akaahidiwa Paradiso. Alisamehewa yote. Lakini angalia tena: alisamehewa, na hakushushwa msalabani. Miguu yake walikuja kuivunja kama ya mwenzake.

Kwa hiyo nasema na wewe, kijana wangu. Labda gazeti hili ulilikuta mezani kwa mama yako. Uko ndani na hujui kutoka. Sikuahidi kwamba ukiokoka kesi itafutika. Zakayo alirudisha mara nne. Ulichochukua utarudisha, na penye mahakama utasimama. Lakini hutasimama peke yako. Mimi nitakuwa kwenye benchi la nyuma, na wazee wawili pamoja nami. Ukifungwa, tutakuja siku ya kutembelewa. Ulifuata genge kwa sababu lilikuahidi kukuulizia. Sisi tutakuulizia, na Yesu alishakuulizia kabla yetu.

Wewe si staa. Unaweza kufa, tena mapema. Aliye Staa amekwisha kufa kwa ajili yako, na yu hai. Njoo.

Tuombe

Baba, katika jina la Yesu, tunakuletea vijana wa Nakuru, wa Naivasha, wa Molo na Gilgil. Wapate Abigaili njiani kabla hawajafika. Wape wazazi ujasiri wa kuuliza, na wape majeruhi na waliofiwa faraja na haki. Safisha mikono ya kanisa lako. Aliye ndani na atoke akiwa hai. Amina.

Maswali ya ibada za nyumbani

1. Soma Mithali 1:10–19. Ni maneno gani vijana wa mtaa wetu huambiwa leo ili wavutwe? Yatajeni kama Sulemani alivyoyataja.
2. Katika kundi lenu, ni nani mwenye kazi ya mikono anayeweza kumchukua kijana mmoja? Andikeni majina mawili, la fundi na la kijana, myalete ofisini Jumapili.
3. Je, kuna zawadi nyumbani kwako ambayo hujauliza imetoka wapi? Hili usilijibu mbele ya watu. Lijibu kabla ya kulala.